Uzi Uliokataa Maji Safi

Balaa lenyewe lilianza na maji safi. Mwaka wa 2006, katika maabara ndogo ya kupima mahindi mjini Kitale, Mukhisa alichovya uzi wa kioo kwenye glasi ya maji, na kompyuta ikasema yana sumu ya kuvu.

Uzi huo ulipitisha mwanga. Ulikuwa umepakwa utando mwembamba wa dhahabu wenye dawa ya kunasa sumu. Sumu ikinasa, mwanga hubadilika. Sasa maji matupu yana nini cha kunasa?

"Si umeuosha?" aliuliza Alwi, mwenzake.

"Mara tatu, bana."

Kesho yake, saa nne asubuhi, tena. Ndiyo saa aliyokata roho Ivy, bintiye wa miaka sita, mwezi uliopita. Maskini Mukhisa! Alipima magunia ya Kitale nzima, ila gunia alilotumiwa na mamake kutoka Bumula hakulipima. Nani hupima chakula cha mama? Ni kama kumwita mchawi. Alilipima baada ya mazishi, akaikuta sumu, akalia mpaka sauti ikakauka, akalichoma. Mama hakuambiwa kitu, na ghala lake bado lilijaa mavuno yale yale.

Siku ya tatu chumba kilinuka mahindi yaliyovunda, na hapakuwa na hata punje, na uzi ukiwa mkavu mezani mstari wa mwanga kwenye kompyuta ukaanza kushuka wenyewe, wakasikia pumzi fupi za mtoto mgonjwa zikizunguka meza, zikasimama nyuma ya Mukhisa, na sauti aliyoijua ikamnong'oneza sikioni, "Baba, kukhu anakula. Mwambie kukhu." Kukhu, ndivyo Ivy alivyomwita nyanya yake.

"Imesema nini?" Alwi aliuliza.

"Sijui," Mukhisa alidanganya. "Ni jini. Tafuta mtu alitoe."

Alwi akamleta mjomba wake, Mzee Naim. Mzee alifukiza ubani, akasoma, akasita.

"Kijana, huyu hana ubaya. Ana ujumbe. Nimwache amalize?"

Mukhisa alimfikiria mamake akiambiwa kwamba ni yeye aliyemlisha mtoto. Moyo ukamshinda.

"Mtoe, Mzee."

Harufu ikakatika. Mstari ukatulia.

Jumapili dadake, Edinah, akapiga simu kutoka Bumula.

"Kaka, kuja haraka. Mama amelala tu, hasemi. Na watoto wangu wanatapika. Sijui tumekula nini."

"Ni mahindi," alisema Mukhisa, akilia. "Mahindi ya Mama. Nilijua."



"Tangu lini, Kaka?"