Mkanda wa Kubebeana

Kilomita ya thelathini na mbili ilimkuta Emiliana Lohay akiimba.

Aliimba wimbo wa maingilio wa misa ya Jumapili, polepole, sauti ya pili, huku miguu yake ikiigusa barabara ya ziwani kama ya mtu aliyetoka kuamka. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Mbele yake mashine-fagio za jiji la Babati zilijisogeza pembeni kumpisha. Hatua tatu nyuma yake alikuja Fabiola Margwe, jirani yake na mwenzake wa mazoezi, akihema kama mivukuto ya mhunzi.

"Mhandisi," Fabiola alisema, "binadamu haimbi kilomita ya thelathini na mbili. Binadamu hapa anatubu."

"Si mimi. Ni mkanda."

Mkanda huo, mwembamba kama utepe wa fundi cherehani, ulikuwa umezunguka kiuno chake. Emiliana na wenzake wa maabara walikuwa wameuunda kwa miaka sita. Misuli inapochoka hutuma habari kwenye ubongo. Mkanda ulizisoma habari hizo njiani, ukazuia nusu yake, na nusu hiyo ukairusha hewani hadi kwenye bangili nne zilizovaliwa na watu wengine. Kila aliyevaa bangili alisikia uzito kidogo tu, kama aliyepanda ngazi za ghorofa mbili. Hakukuwa na njia ya kuufuta uchovu. Wenzake maabara walikuwa na msemo: uchovu haufi, huhama.

Kwa hiyo nyumba yake iligawana. Bangili moja ya mumewe Deodati, moja ya binti yao Nada, moja ya Yakobo, mdogo wake Nada, na moja ya Mama Akonaay, mama mzazi wa Deodati, mwenye miaka themanini na moja. Siku ya mbio za Ziwa Babati, kilomita arobaini na mbili, Baraza la Vifaa vya Tiba lingemngoja kwenye mstari wa mwisho. Akifika kabla ya saa tano asubuhi, na vipimo vikionyesha familia iligawana bila mtu kudhurika, mkanda ungeingia hospitalini, kwa wagonjwa waliochoka kuliko wanavyoweza kubeba. Asipofika, mradi ungefungwa.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Emiliana alifika nyumbani akiwa bado ana pumzi ya ubeti mwingine.

Mama Akonaay alikuwa jikoni, ameketi mbele ya ungo wa maharage. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya ungo, hausogei. Macho yalikuwa wazi.

"Mama, shikamoo. Vipi, umeacha kuchagua?"

"Marahaba. Nimepumzika."

"Tangu saa ngapi?"

Emiliana alipouinua ule mkono kutoka kwenye maharage, ulimlemea kama mtungi uliojaa. Akapandisha mkono wa sweta. Bangili mbili. Akapandisha na ule mwingine. Mbili tena.

"Hizi ni za nani, Mama?"

"Zangu."

"Zote nne?"

"Si ziko mkononi kwangu? Ulitaka ziwe za nani?"

Deodati aliitwa, watoto wakaitwa. Deodati alikohoa kwanza. Alikuwa na zamu ndefu kwenye mtambo wa maji, alisema, na Mama mwenyewe alikuwa ameiomba ile bangili, mara moja tu, kisha mara moja ikawa desturi. Nada alimgeukia baba yake kwa mshangao.

"Na wewe, Baba? Mimi nilimpa kwa sababu ya mitihani. Akaniambia nisimwambie mtu."

"Mimi ilikuwa mechi," Yakobo alisema, akitazama viatu vyake. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Bangili zilipima uchovu kwa usahihi wa ajabu, lakini hakuna mhandisi aliyekumbuka kupima ni mkono wa nani. Hivyo kwa wiki tisa vipimo vyote vilikuwa vimesoma vizuri.

"Mnanizunguka kama nimeiba kuku," Mama Akonaay alisema. "Ninyi mna kazi. Kazi yangu mimi ni kukaa. Kuchoka na kukaa vinapatana."

Emiliana alimvua bangili moja baada ya nyingine. Daktari wa mtaa alikuja, akampima bibi, akasema moyo uko salama, apumzike wiki nzima. Ndipo Emiliana alipokwenda chumbani akapiga magoti. Maneno ya sala hayakuja. Zilikuja nyimbo zote alizoimba barabarani, moja moja, na kwa kila wimbo aliuona ule mkono ndani ya ungo. Mwishoni alisema tu, "Bwana, nionyeshe nirekebishe," akainuka.

Jumatatu aliliandikia Baraza ukweli wote. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: vipimo vya wiki tisa vimefutwa, Baraza litakuja mstarini kama lilivyopanga, ila sasa linataka kumwona kwa macho mtu aliyesaidiwa. Saa tano inabaki saa tano.

Jioni alimweleza Fabiola alichokusudia. Bangili sasa zingefanya kazi kwa mapigo ya moyo wa mwenyewe tu. Na njia ya mkanda ingegeuzwa: mkanda angeuvaa Mama Akonaay, bangili angeivaa yeye.

Fabiola aliacha kufunga kamba za viatu. "Utakimbia na uzee wa miaka themanini na moja mgongoni?"

"Nusu yake. Na daktari atatembea naye."

"Mwenyewe amekubali?"

"Amesema muda mrefu hajaiona barabara ya ziwani kwa miguu yake, na kwamba nikimwekea kiti cha magurudumu atakivunja."

"Na mimi niwe wapi?"

"Pembeni yangu, ukinikejeli."

"Hilo ninaliweza," Fabiola alisema.

Wiki mbili alizobakiwa nazo alijifunza upya kuchoka. Deodati alimkanda miguu, Nada alimwandalia maji, Yakobo alimfuata kwa baiskeli. Safari hii hakuna aliyempa mwenzake zamu yake.

Siku ya mbio walianza saa kumi na mbili asubuhi. Hadi saa tatu alikuwa na miguu yake mwenyewe, na alikuwa amefika kilomita ya thelathini kwa mwendo mzuri. Nyumbani, saa tatu kamili, Mama Akonaay aliufunga mkanda.

Emiliana alikuwa amejiandaa kwa maumivu ya mkimbiaji. Kilichokuja ni asubuhi ya mtu mzee. Nyonga iligoma kabla ya hatua. Goti la kushoto lilitaka kubembelezwa. Uzito ulikuwa wa zamani, umekaa mahali pake kama fanicha, na hakuna hatua moja iliyokuwa bure. Bibi alikuwa hata hajasimama kitini.

Akakumbuka alfajiri zote za mazoezi. Saa kumi na moja, kila alipofika jikoni, uji wa ulezi ulikuwa tayari kwenye chupa na mlango umeshafunguliwa komeo. Mama Akonaay alikuwa ameuleta mwili huu hadi jikoni, kila siku, na hakuna aliyemsikia akisema neno. Machozi yalimtoka Emiliana, akaendelea kukimbia nayo.

"Imba sasa," Fabiola alisema, kilomita ya thelathini na nne. Angeweza kutangulia tangu zamani, hakutangulia.

"Siwezi."

"Basi tubu."

"Natubu."

"Vizuri. Tubu na magoti juu, mhandisi. Unaburuza kama trekta."

Alisali kwa hatua: hatua nne Salamu Maria, nne nyingine Maria Mtakatifu. Mwendo ulipopungua, Fabiola alihesabu kwa sauti. Walivuka mstari saa tano kasoro dakika tatu.

Kwenye kamba ya watazamaji alisimama Mama Akonaay, mkongojo wake ukining'inia mkononi mwa Yakobo. Alikuwa ametembea kilomita nzima kutoka nyumbani, akipumzika mara mbili, moja ya hizo ili agombane na mashine-fagio. Daktari wa Baraza alisoma vipimo, kisha akainama.

"Mama, unajisikiaje?"

"Nasikia njaa."

Daktari alicheka kidogo, akaandika kwa muda mrefu. "Tutaanza na wadi moja," alimwambia Emiliana. "Na kila anayebeba ajulikane kwa jina."

Mama Akonaay alimvuta mkwewe kwa kiganja.

"Mwanangu, nimeliona ziwa. Asante. Sasa nirudishie."

"Nikurudishie nini, Mama?"

"Uchovu wangu. Huku kuwa mwepesi kunanisumbua, sitapata usingizi mchana."

Emiliana alifungua bangili. Deodati alikuwa amesogeza kiti. Bibi alikikalia taratibu, mwili wake ukimrudia kipande kwa kipande, akashusha pumzi kama mtu aliyefika kwake. Emiliana alijibwaga chini kando yake. Miguu yake ilitetemeka, na mtetemeko wote ulikuwa wake. Alilaza kichwa kwenye goti la kushoto la Mama Akonaay, kisha akakumbuka, akahamia la kulia.