Wimbo Aliosingiziwa Babu

Jumamosi mchana, nyumbani kwao Rågsved, Sweden, Zakayo alitoka kuoga akaikuta fidla yake kitandani ina joto, kama imetoka mikononi mwa mtu sasa hivi. Chumba kizima kinanuka ugoro. Na humo ndani nani ananusa ugoro? Hakuna!

Akajitia hamnazo, akaanza mazoezi ya ile hornpaipu, dansi ya mabaharia iliyompatia jina. Mara mama yake, Leokadia, akachungulia mlangoni.

"Zakayo," alinong'ona, "unapiga na nani?"

"Peke yangu, Mama."

"Mbona nasikia fidla mbili?"

Zakayo akashusha upinde. Fidla ya pili haikunyamaza. Iliendelea polepole nyuma ya kabati, na katikati yake mtu akikohoa kikohozi kizito cha mzee, harufu ya ugoro ikizidi kukolea, mpaka Leokadia akajishika kifua, maana kikohozi kile alikijua tangu utoto wake Bukoba, na mwenye nacho walishamzika.

"Huyo ni baba yangu! Umefanya nini, we mtoto?"

Looh, aibu iliyoje! Wapiga fidla wa Sweden wana desturi yao: kabla hujaupiga wimbo, unamtaja uliyeupata kwake. Kule mjini Tumba, mbele ya ukumbi uliojaa, kabla ya kuipiga hornpaipu ile, Zakayo alimtaja babu yake Clement, eti alifunzwa na mabaharia wa ziwani. Clement hakuwahi kushika fidla maishani mwake! Wimbo aliutunga Mzee Vénant, Mrundi anayefanya naye usafi Flemingsberg, akamfundisha bure kila mapumziko, mwaka mzima. Zakayo aliona haya kumtaja mfagiaji mwenzake. Sasa ikabidi amweleze mama yake yote.

"Mpigie Vénant sasa hivi," Leokadia alisema. "Umwombe radhi."

Akapiga simu, akakiri yote huku analia. Neno la mwisho lilipomtoka, fidla ya nyuma ya kabati ikakatika.

"Asante Yesu," Leokadia akashusha pumzi.

Vénant akajibu simuni. "Imeniuma, mtoto wangu. Lakini nimekusamehe. Tena umefanya vizuri kumtuma babu yako."

"Babu gani?"

"Si huyu, Clement? Amebisha hodi sasa hivi, anasema amefuata wimbo wake. Nimemkaribisha, nimempa kiti."

"Mzee, mtoe! Babu alishakufa!"

Simuni Zakayo alisikia kasha la fidla likifunguliwa, kisha sauti ya Vénant, ndogo, ikimsihi mgeni amwachie vidole vyake.