Kompyuta Zisizouliza

Kila Jumamosi, akishafua sare na kuianika, Chapchap humfuata shangazi yake kazini. Shangazi ni fundi wa kompyuta. Chapchap yuko darasa la sita, na wenzake walimpa jina hilo kwa sababu humaliza kila kitu kabla ya wengine, hata kula.

Jumamosi moja kazi ilikuwa shuleni kwa Chapchap mwenyewe. Kompyuta ishirini kutoka ofisi na madarasa ya shule zilipangwa safu mbili, nyingine nyembamba kama daftari, nyingine nene kama sanduku la bati. Zote zilihitaji mfumo mpya wa uendeshaji, yaani ile programu kuu inayoitawala mashine nzima.

"Washa moja moja," Shangazi alimwagiza. "Andika aina yake daftarini, kisha tazama ndani. Ukikuta kazi za watu, andika 'ina kazi'. Usipokuta, andika 'tupu'."

Chapchap alizikagua kumi na sita. Tatu zilikuwa na kazi, Shangazi akazinakili kazi hizo kwenye diski ya pembeni. Nne za mwisho zilikuwa kongwe, za aina inayochukua dakika kumi kuwaka. Chapchap alisoma aina zake mgongoni, akaandika "tupu" mara nne bila kuziwasha.

Mwalimu Mkuu akaingia. "Fundi, zile alama za darasa la saba mmezipata? Ziko kwenye moja ya hizi. Bila alama hizo siwezi kuwasajili watahiniwa."

"Hatujaziona, Mwalimu. Zilizobaki zote ni tupu."

Chapchap akatazama viatu vyake.

"Basi nitatafuta kwingine. Na hizi ishirini utamaliza mwezi gani? Yangu moja tu ilikula siku nzima, inauliza maswali kama mama mkwe!"

Shangazi akacheka. "Hizi nimeshazijibu. Lugha gani, saa za wapi, diski igawanywe vipi, yote yamo kwenye faili langu la majibu. Na kila aina nimeiwekea programu za kuongoza kioo chake, sauti yake na mtandao wake. Kila moja itachukua kilicho chake."

Nyaya zilitosha safu moja tu kwa wakati. Shangazi akabonyeza kitufe kimoja.

Kompyuta kumi zikaamka pamoja. Feni zikavuma, vioo vikawaka, maandishi yakaanza kuporomoka kama mvua. Swali lilitokea, likajibiwa, likatoweka, na hapakuwa na mkono wa mtu popote. Mashine nene na nyembamba zilikwenda sambamba, kila moja kwa njia yake. Chapchap alisisimka mpaka vidoleni.

"Shangazi, zinajuaje?"

"Hazijui kitu. Zinaamini nilichoandika."

"Na vitu vya zamani vilivyomo?"

"Vinafutwa kwanza."

"Bila kuuliza?"

"Bila kuuliza."

Safu ya kwanza ilipokamilika, Shangazi akahamishia nyaya safu ya pili. Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye kitufe Chapchap alipopiga kelele, "Shangazi, usibonyeze! Zile nne sikuziwasha. Niliandika tu."

Mwalimu Mkuu akavua miwani. Shangazi hakufoka, alimsogezea kiti tu. "Haya, ziwashe."

Ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu ilinguruma weee, kisha kioo kikafunguka: alama za darasa la saba, za miaka mitatu, tangu wakiwa darasa la tano. Mwalimu Mkuu akaketi bila kutazama kama kiti kipo.

Alama ziliponakiliwa, na ya nne kuwashwa ikaonekana tupu, safu ya pili nayo ikaamka, ikajijenga yenyewe hadi ikakamilika. Wote watatu walisimama wakitazama kama watu walioingia mahali patakatifu.

"Mwanangu," Shangazi akasema, "mashine hizi haziulizi 'una hakika?' Swali hilo unajiuliza wewe, kabla. Kazi yote hii kubwa ilisimama juu ya daftari lako. Uliloliona, andika. Usiloliona, sema hujaliona. Leo umechelewa kusema, lakini umesema, na watoto wa darasa la saba watafanya mtihani wao."