Kiapo cha Zoezi

Saa nne asubuhi sokoni watu wanapigana vikumbo, na msichana mmoja mwenye gauni la bluu anahesabu milango. Alipopita mara ya tatu, fundi cherehani akamuuliza kama anatafuta mlango wa kumkimbia mume.

Akacheka. Mume hana. Anasoma shahada ya pili, masomo ya kujiandaa na majanga: mafuriko, tetemeko, hata mtu mbaya akimwaga vijidudu kwenye umati. Milango ni minne, akasema, na miwili imezibwa na marobota.

"Basi likitokea janga, dada, uje unishike mkono," alisema fundi.

Mama yake fundi, aliyeuza vitambaa meza ya pili, alijifanya hasikii.

Miezi mitano baadaye msichana alikuwa anaitwa mkwe pale mezani. Simu zao hazikatiki: umekula, umelala, kata wewe kwanza. Posa ikapangwa Jumamosi.

Jumanne chuo chake kikafanya zoezi la majanga sokoni. Wanafunzi walikuwa wameapa wasimwambie mtu, maana watu wakijua ni zoezi hawakimbii sawasawa. Watu wenye mavazi meupe na barakoa wakaingia, kipaza sauti kikatangaza unga wenye sumu. Fundi alikuwa ametoka kununua nyuzi. Akampigia msichana simu.

"Mpenzi, mama yuko ndani. Ni kweli?"

Msichana alikuwa ghorofani ng'ambo ya barabara, anaandika dakika ambazo watu wanatumia kutoka.

"Fuata maelekezo," akamjibu.

Mlangoni watu walimkanyaga mama. Nyonga ikavunjika, na daktari akasema hatasimama tena. Jumamosi ikaja, ikapita.

Msichana alifika wodini na machungwa, macho yamevimba. Mama akamshika mkono, akasema mwacheni mwanangu, alikuwa kazini. Fundi akamtoa hadi koridoni.

"Ulijua."

"Nilijua. Niliapa."

"Bado nataka kukuoa, Mungu ananiona. Niambie kitu kimoja tu. Ukipewa siri nyingine kama ile, na mama yumo humo, utaninong'oneza?"

Uongo uliotakiwa ulikuwa mdogo, na msichana alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Akakitazama kidevu chake, hakijanyolewa tangu Jumanne.

"Hapana, mpenzi."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akamshukuru kwa machungwa, akarudi ndani kumgeuza mama kitandani.