Majani Yaliyotoa Rangi Kwenye Maji ya Baridi

Nyumbani kwetu hakuna anayesema neno la maana kabla ya chai. Mume wangu ni fundi baiskeli. Huamka, hunawa, hukaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, kisha hunyamaza mpaka kikombe kifike mkononi. Mama mkwe analala chumba cha pili. Yeye haombi chai. Hukohoa mara mbili tu, nami najua. Wa mwisho kuamka ni binti yetu wa miaka minne. Kwa jinsi anavyoamrisha watu, mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa.

"Mama, mkate uingie ndani ya chai," huagiza.

"Umesikia, Bi Mkubwa ameshasema," hunena baba yake. Hapo ndipo siku yetu inapoanza.

Zamani tulitumia chai ya vifuko, ile yenye uzi. Kifuko kimoja, watu wanne. Nilikitumbukiza hapa nikakihamishia pale, mpaka mume wangu akauliza, "Mke wangu, hiki kifuko kimeingia kikombeni mwangu au kimepita kunisalimia tu?"

Bei ya boksi ilipopanda, nikaamua kuhamia majani ya kupima. Uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kwenye namna nilivyoanza. Ndiyo maana naandika haya, asije mwenzangu akapita nilipopita mimi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Muuzaji mmoja alisimama kwenye kona ya barabara yetu. Alikuwa na mfuko mkubwa wa majani, mzani wa mkono, na glasi ya maji ya baridi. Akachota majani kwa vidole vitatu, akayadondosha kwenye glasi. Kufumba na kufumbua, maji yakawa mekundu kama tofali.

"Macho hayana pazia, akina mama!" akapaza sauti. "Maji ya baridi hayo! Je, yakichemka? Si mtanywesha ukoo mzima?"

Tukapiga makofi. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Nilimwuliza jambo moja tu. "Kaka, mbona hayana pakiti?"

"Dada, wewe unakunywa pakiti au unakunywa chai?"

Watu wakacheka. Nikaona aibu. Nikanunua kilo mbili, nikaenda zangu kama mtu aliyeokota lulu.

Sasa, mama mkwe wangu huipima chai kwa rangi. Kwake yeye, jani halijafa mpaka rangi yake ife. Kwa hiyo majani yalishinda ndani ya birika. Maji yakipungua, naongeza, nachemsha tena. Mara ya kwanza, chai nyeusi ti. Mara ya tatu, vilevile. Jioni nilichemsha mara ya sita, na rangi bado ipo.

Mama mkwe akakiinua kikombe kwenye mwanga. "Leo ndiyo nimepata mkwe," akasema.

Nimeolewa miaka tisa. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunisifu. Nikafurahi mpaka nikajisahau.

Kwa maana dalili zilikuwepo, ila nilijitia hamnazo. Chai ile haikuwa na harufu. Ilikuwa chungu, nikawa naongeza sukari. Kitambaa changu cha kuchujia kilishika rangi ya kutu, nikakifua mara tatu haikutoka. Hata ulimi wa Bi Mkubwa ulikuwa na rangi ileile. Tukamcheka. "Tazama ulimi wa kinyonga huo!"

Siku ya nne hakuagiza mkate. Alikaa ameegemea ukuta, amejikunja.

"Tumbo linaniuma," akasema kwa sauti ndogo.

Akatapika. Kisha akatapika tena.

"Minyoo hiyo," akasema mume wangu.

"Si minyoo," akasema mama mkwe. "Mpe chai ya rangi, kavu, bila maziwa. Tumbo litatulia."

Nikampa. Akatapika. Nikangoja kidogo, nikampa tena. Mkono huu ninaoandikia ndio uliomshikia kikombe.

Kesho yake asubuhi mtoto alikuwa amelegea. Hakuamrisha mtu yeyote. Nyumba ilikuwa kimya, na kimya kile kilinitisha kuliko kilio. Nikakaa mlangoni nikashika tama.

Hapo akapita jirani yetu, Mama Mizani. Jina hilo alilipata kiwandani. Alipima na kufungasha majani ya chai miaka ishirini, mpaka alipostaafu. Hata maneno huyapima kabla ya kuyatoa.

"Mwanangu, mbona umekaa kama mtu aliyefiwa?"

"Mtoto, Mama Mizani. Tangu jana hakuna kinachokaa tumboni."

"Umempa nini?"

"Chai tu."

Akaingia ndani, akamshika mtoto kipaji cha uso. Kisha macho yake yakaenda kwenye kile kitambaa cha kuchujia. Akakichukua, akakinusa.

"Chai gani hii isiyonukia?"

Nikamletea ule mfuko. Akachota kidogo, akasugua kwenye kiganja. Kiganja kikashika rangi. Alikwenda kwake, akarudi na majani yake kwenye kikopo.

"Nipe glasi mbili za maji ya baridi."

Nikaziweka mezani. Akadondosha majani yangu kwenye moja, yake kwenye nyingine. Kwenye glasi yangu rangi ilikimbia papo hapo, nyekundu. Kwenye yake, majani yalielea tu, maji meupe.

"Unaona?" akasema. "Jani la kweli hulala kwenye maji ya baridi. Ukiliacha muda mrefu litatoa rangi, lakini pole pole. Moto ndio unaoliamsha. Hili lako limekurupuka. Limepakwa rangi."

"Limepakwa na nani?"

"Wapo watu wanaokusanya majani yaliyokwisha kupikwa. Huyaanika, huyatia rangi, huyauza upya. Ndiyo maana rangi yake haiishi, na harufu haipo."

"Lakini muuzaji mwenyewe alituonyesha! Kwenye glasi, hivi hivi!"

"Ndiyo, mwanangu. Alikuonyesha wizi wake mchana kweupe, ukampigia makofi."

Nikamgeukia mtoto. "Nimemnywesha mwanangu rangi? Rangi gani?"

"Sijui. Na kwa kuwa hatujui, hatukai hapa kubahatisha. Mbebe mtoto. Majani yafunge kwenye karatasi, tuyachukue. Twende zahanati."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameshika fremu. Nilidhani atabisha.

"Nendeni upesi," akasema. "Mimi ndiye niliyesema apewe."

Zahanati tulimkuta tabibu. Aliniuliza mtoto ametapika mara ngapi, na mara ya mwisho alikojoa lini. Akamfinya ngozi ya tumbo taratibu, akaiachia, akaitazama inavyorudi.

"Amepungukiwa maji," akasema. Akatupa pakiti za unga wa chumvi na sukari. "Changanya pakiti moja na lita moja ya maji safi. Mnyweshe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, subiri dakika kumi, uanze tena."

Nikamwonyesha majani. "Ni haya, daktari?"

"Mama, siwezi kukuapia. Tumbo lina sababu nyingi. Yaache hapa, bwana afya wa mtaa atayapeleka kupimwa. Ila kitu usichokijua kisirudi mdomoni mwa mtoto."

Kisha akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Hata chai nzuri, mtoto mdogo haihitaji. Ikinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili kupata madini ya chuma, na hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Mpe maziwa au maji safi. Nyinyi wakubwa kuleni kwanza, mnywe chai baada ya saa moja."

Tulirudi nyumbani. Kijiko kimoja, nahesabu pumzi zake. Kijiko kingine, nahesabu tena. Mume wangu hakwenda kazini. Alizunguka uani na spana mkononi, baiskeli hakuna. Mimi sikula. Nilijiuliza swali moja tu: kwa nini nilimsikiliza yule muuzaji nikaacha kuisikiliza pua yangu?

Siku iliyofuata, jua limeshapanda, nikasikia sauti kitandani.

"Mama! Mto wangu uko wapi? Lete!"

Nililia. Sikujua kuamrishwa kunaweza kuwa kutamu hivyo.

Majani yaliyobaki nyumbani nikayamwaga chooni yote. Kisha nikaenda kwa Mama Mizani kujifunza upya. Nilidhani nitahitaji birika la kifahari na vikombe vya wageni. Akacheka.

"Una jagi lenye mfuniko? Una chujio? Basi una kila kitu."

Akanifundisha hivi. Nunua pakiti ndogo kwanza, robo kilo au chini yake, iliyofungwa, yenye jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiipenda, utarudia. Usianze na kilo mbili kwa kuwa mtu amekuchekesha. Nyumbani fungua, nusa. Jani zuri linanukia hata likiwa kavu. Sugua kidogo kiganjani, kiganja kisibadilike rangi. Kisha lijaribu kwenye maji ya baridi.

"Sasa kupika," akasema. "Kijiko kimoja kidogo kwa kila kikombe. Maji yakichemka, mimina juu ya majani, funika."

"Nisiyachemshe?"

"Ya nini kuyatesa? Hesabu pole pole mpaka mia mbili, kisha chuja. Unaweza kuyamiminia maji ya moto mara ya pili asubuhi hiyohiyo. Yakishashinda ndani ya maji, tupa."

Majani yanayobaki hukaa kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na sabuni na vitunguu. Jani la chai huiba harufu ya jirani yake. Kijiko chenye maji kisiingie humo.

Siku ya kwanza mama mkwe alikitazama kikombe kwa mashaka. Rangi ilikuwa nyepesi. Akanusa. Akanywa. Akanywa tena.

"Ina harufu," akasema mwishowe, na machozi yakamlengalenga.

Pakiti ile ya robo ilituchukua mwezi na zaidi. Chai tamu, na hatukuongeza sukari kufunika uchungu.

Mwezi wa pili, yule muuzaji akarudi kwenye kona ileile. Nilimpigia bwana afya simu kwanza. Kisha nikachukua glasi yangu ya maji na majani yangu, nikaenda.

"Macho hayana pazia!" alikuwa akiita, na akina mama wameshamzunguka.

"Kaka," nikasema, "na mimi niweke yangu hapa pembeni."

Nikadondosha. Maji yangu yakabaki meupe. Ya kwake mekundu. Akacheka.

"Dada, hayo yamekufa!"

"Hayajafa. Yamelala. Ya kwako yameamshwa na nani, bila moto?"

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja akarudisha pochi yake kwapani. Nikawaeleza yaliyompata mwanangu. Bwana afya alipofika, aliukuta mfuko. Mwenye mfuko hakuwepo. Baadaye majibu ya maabara yalitoka: majani yalikuwa na rangi isiyoruhusiwa kwenye chakula.

Mpaka leo sijatulia kabisa. Kila nikifungua pakiti mpya, hata ya dukani, nasimamisha glasi ya maji ya baridi mezani. Mume wangu anangoja kwenye kigoda chake. Mama mkwe anajizuia kukohoa. Bi Mkubwa anachuchumaa mbele ya glasi, kikombe chake cha maziwa mkononi.

"Mama, yamelala?"

Natazama. Natazama tena.

"Yamelala."

"Basi chemsha maji," anaamrisha.