Kovu Kwenye Miwani

Opondo alilala chali, amekufa, kando ya geti alilokuwa akilitengeneza, grainda ya kukatia chuma bado mkononi. Kipande cha diski kilikuwa kimevunja miwani yake ya jua na kuzama jichoni. Inspekta Lornah Adongo alichuchumaa, akaigusa fremu kwa glavu.

"Hii ni ya urembo. Ya kinga iko wapi?"

Mzee Ooko, mwenye karakana hiyo ya Manyatta, alionyesha msumari mtupu ukutani. "Ni moja tu, Madam. Mwenye zamu ya kukata ndiye huvaa. Leo Opondo ameitafuta akakosa, akachagua hiyo. Ni nyeusi kabisa, tukaona itazuia vizuri."

Lornah alishusha pumzi. Weusi huzuia jua. Chuma kinachoruka hakijali rangi.

Alimgeukia Naswa, fundi wa pili.

"Jana zamu ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Miwani uliiacha wapi?"

"Kwa msumari."

Kila alipojibu aligeuza kichwa kizima, kama kuku anayechungulia punje. Lornah akasogea kushoto kwake na kupeleka kalamu taratibu hadi karibu na kope. Naswa hakupepesa.

"Jicho hili halioni."

Naswa aliuvuta mkoba wake karibu na miguu.

"Fungua mkoba wako, Bwana Naswa."

Miwani ya kinga ilikuwa chini kabisa, imeviringishwa kwenye shati. Lornah aliiinua kwenye mwanga, akapigwa na butwaa. Upande wa kulia ulikuwa na kovu kama punje ya mchele. Chuma kilikuwa kimegonga pale kwa nguvu zote, na hakikupita. Plastiki nyepesi tu, tena nyeupe kama kioo, isiyotisha mtu! Alisahau kwa muda kwamba ameshika kielelezo cha ushahidi.

"Chuma kilinipiga jana," Naswa alisema. "Jicho hili lingine liliharibika zamani nikifanya kazi kule Awasi. Nilimficha Mzee, angenifukuza. Jana nikajua nimebaki na moja, na hiyo miwani ndiyo imeniachia hilo. Nikaibeba."

"Leo hukuwa unakata. Ulihofia nini?"

"Opondo akiivunja, kesho nitavaa nini?"

"Alikuuliza iko wapi?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia sijaiona."

Lornah alimfunga pingu bila haraka. Mzee Ooko alikuwa akiutazama ule msumari mmoja alioupigilia mwenyewe. Naswa alilia kwa macho yote mawili.