Seva Iliyojiwasha Yenyewe

Mapokezi ya duka la dawa la jumla yalikuwa yamefurika wateja. Karani wa stoo, gauni la bluu na mtandio mweupe, alikuwa anapenya na boksi la sindano mikononi. Kijana mmoja mrefu, fundi wa kompyuta, laptopu kwapani, akampiga kikumbo. Boksi chini!

"Samahani dada. Natafuta seva."

"Kwani seva inakaa miguuni mwangu?"

Wakacheka, na moyo wa karani ukaanza kwenda mbio, jamani, kwa kicheko kile tu.

Bosi wa duka alikaa tawi la mji mwingine, akataka kufungua skrini ya seva yao ya Linux, ile kompyuta kuu ya duka, akiwa huko huko. Fundi akamwekea huduma hiyo, ikakubali. Shida moja: kila umeme ulipokatika na kurudi, seva iliwaka vizuri lakini ile huduma ya bosi haikuanza mpaka Fundi aje aianzishe kwa mkono. Na umeme wa mtaa ule ulikuwa na visa!

"Umefuata seva au umenifuata mimi?" karani humchokoza.

"Nimefuata maji ya kunywa, mpenzi."

Maji yenyewe huyanywa mpaka jioni.

Siku moja Fundi alikuja katika mvua, shati limeganda mwilini, anakohoa mpaka anashika ukuta. Karani akaumia. Fundi alipoondoka, akampigia simu binamu yake anayesomea kompyuta.

"Da'mkubwa, hiyo ni amri moja tu," binamu akamwambia. "Unaiagiza seva iianzishe huduma yenyewe kila inapowaka. Huyo fundi wako hajui kazi?"

Akamsomea, karani akaiandika kwenye seva. Umeme ulipokatika tena, kila kitu kiliamka chenyewe. Akamwarifu bosi, akajisifu moyoni: mpenzi wake hatalowa tena.

Fundi hakuja. Simu hapokei. Wiki zikapita, karani akakonda kwa mawazo. Kumbe alifuata kazi tu, akajiambia, na mimi mjinga nikajipa matumaini. Mwishowe uvumilivu ukamshinda, akamfuata chumbani kwake. Akamkuta anapanga nguo kwenye begi.

"Unanikimbia?"

"Si wewe uliyenifukuza? Bosi alinipigia. Eti nisije tena, karani ameshamaliza kila kitu."

"Nilikuonea huruma na ile mvua!"

Fundi akaacha begi, akaketi kitandani. "Ile amri naijua tangu siku ya kwanza. Niliiacha makusudi, nipate sababu ya kuja."

"Ungesema, baba! Mdomo ulikuwa wa nini?"

"Niliogopa utanicheka."

Karani akalia waziwazi, hakujali jirani. "Basi usiende."

"Nimesaini kazi, mgodini, mbali. Mama ameshaanza kusafishwa figo kwa bima yao. Nikivunja mkataba leo, kesho wanamtoa kwenye mashine."

Karani akalitazama lile begi. Mama mkwe ambaye hajawahi hata kumwona, atashindana naye vipi?

"Nitakupigia kila siku," Fundi akasema. "Tutaonana kwenye simu, mpenzi. Nitakuona, utaniona."

"Usinipigie." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Bosi ndiye anayetosheka na skrini. Mimi nilikuwa nakutaka ukae pale, unywe maji."

Akamsaidia kukunja shati la mwisho, akamfungia zipu ya begi, akatoka bila kugeuka.